Padre Charles Sacleux, Mwalimu Aliyesoma Miti na Maneno ya Watu

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta habari za maaskofu wetu, na za mapadre waliojenga makanisa, na za masista waliouguza wagonjwa. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za mtu ambaye hakujenga kanisa lolote katika milima yetu, wala Kinole, tunakokaa sisi tunaoandika, hakikuwa kituo chake. Walakini twadhani walimu wa shule zetu wapaswa kumjua mtu huyu, tena kumjua vema. Jina lake ni Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililoleta Injili Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo likapanda mpaka Uluguru.

Kwanza yafaa tueleze sababu ya kumchagua. Tulipokuwa watoto, mwalimu mmoja alituagiza tuandike majina ya miti mitano tunayoijua. Tukainamisha vichwa, tukaandika ile iliyokuwa imechorwa kitabuni, na mingine katika hiyo hatujapata kuiona kwa macho mpaka leo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika mkanyi, na hali asubuhi ile ile mama zetu walikuwa wamerudi na mbegu za mkanyi kapuni. Hakuna aliyeandika mkarafuu wala mdalasini, na hali njia ya shuleni ilipita katikati yake. Hatukukatazwa na mtu. Tulidhani tu kwamba elimu ni kitu kinachotoka mbali, na kilicho karibu na mlango si elimu. Padre Sacleux aliishi miaka karibu ishirini katika nchi yetu akifanya kinyume cha hayo.

Alizaliwa tarehe 5 Julai, 1856, katika kijiji cha Enquin, upande wa kaskazini wa Ufaransa, katika jimbo la Pas-de-Calais. Akaingia katika Shirika, akapata upadre, na mwaka 1879 akashuka merikebuni Unguja, kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi. Siku zile Unguja ilitawaliwa na Seyyid Barghash. Biashara ya watumwa baharini ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 1873, lakini wenye majahazi walikuwa hawajaiacha, na misioni ilikuwa imejaa watoto waliokombolewa. Mapadre wa Shirika walikuwa wamefika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka bahari wakaanzisha kituo cha Bagamoyo, wakapanda minazi na miembe, wakawakusanya watoto wale na kuwafundisha kusoma na kazi za mikono.

Msomaji na afikiri jinsi mahali pale palivyokuwa. Mtoto mmoja alitoka pande za Nyasa, mwingine Uyao, mwingine Uzigua, mwingine hajui alikotoka, kwa kuwa alichukuliwa akiwa mgongoni. Barabarani walipita wapagazi wa bara, pwani walikaa Waswahili wa mji, Waarabu, Wahindi, na mabaharia wa Ngazija na Lamu. Kitu kimoja kiliitwa kwa majina matano. Padre mwingine angeona taabu, akataka watu wote waseme namna moja ili mahubiri yawe mepesi. Sacleux aliona hazina. Akaanza kuandika kila neno alilolisikia, na pembeni mwa neno akatia alama ya mahali linaposemwa: hili ni la Unguja, hili la Mvita, hili la Amu, hili la Mrima, hili la Ngazija. Hakulitupa neno la wavuvi kwa kuwa si la waungwana, wala neno la kijiji kwa kuwa si la mji.

Na katika maneno hayo alikutana na jambo linalompata kila mtu afanyaye kazi ya kamusi. Neno la mti haliwezi kuelezwa na mtu asiyeujua mti. Ukiandika kwamba mkwaju ni namna ya mti, umeandika nini? Kwa hiyo ilimbidi kutoka nje. Akawa mtu wa mimea. Alichuma majani na maua pwani na bara, akayakausha kati ya karatasi, akaandika jina ambalo wenyeji huliita, kisha akayapeleka Paris katika jumba kubwa la elimu ya viumbe, wataalamu wayalinganishe na mimea ya nchi nyingine. Mtaalamu mmoja Mfaransa, jina lake Baillon, alikuta katika mimea hiyo jamii ambayo haikuwa na jina katika vitabu, akaiita Sacleuxia. Basi katika kamusi yake mtu akitafuta jina la mti hupata mara nyingi na jina lake la Kilatini, na kwa njia hiyo mwalimu wa leo aweza kujua kwa hakika ni mti gani uliotajwa, hata kama ameuona kwa jina jingine maisha yake yote.

Hapo yatupasa kusimama kidogo penye mkanyi, kwa sababu mti huo unaunganisha habari hii na kwetu. Mkanyi ni mti mkubwa wa msitu, nao hauoti ila katika milima ya mashariki ya Tanzania, kama Usambara, Nguru na kwetu Uluguru. Matunda yake huning'inia, ni marefu na mazito, na ndani yake mna mbegu nyingi zenye mafuta yagandayo, ambayo wazee walipikia tangu zamani. Tena mkanyi una mti dume na mti jike kama mpapai, na mtoto yeyote wa Kinole aliyewahi kwenda kuokota aweza kukuambia ni upi usiozaa kamwe. Wataalamu wa Ulaya walipoupata waliupa jina la Allanblackia. Aina moja ikaitwa kwa jina la Stuhlmann, Mdachi aliyepanda Uluguru mwaka 1894, na nyingine ikaitwa kwa jina la Sacleux. Baadaye waliona kwamba ile ya Sacleux na ile ya Stuhlmann ni moja, na jina la Padre wetu likaondolewa. Iko na aina nyingine iliyopewa jina la milima yenyewe, Allanblackia uluguruensis. Lakini kabla ya Mdachi na Mfaransa mti ulikuwa na jina, nalo ni mkanyi. Mwalimu akiwa na tunda moja la mkanyi mezani ana somo la mimea, na la hesabu ya mbegu, na la mafuta, na la historia ya wageni waliopita hapa, naye hakutumia hata senti moja.

Tuendelee na safari ya Padre. Siku hizo misioni ilikuwa ikipanda bara hatua kwa hatua: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, kisha Morogoro chini ya milima yetu, kisha Tununguo mwaka 1884. Njia ya kutoka Bagamoyo ilianza kwa kuvuka mto uitwao na watu wa pwani Kingani. Sisi watu wa mlimani twaujua mto huo kwa jina la Ruvu, nao hupata maji yake katika Uluguru; vijito vinavyoshuka upande wetu wa mashariki huingia humo. Basi maji tunayoyateka Kinole ndiyo yaliyopita chini ya mitumbwi ya wavushaji wa Bagamoyo, na ndiyo yanayonywewa leo Dar es Salaam. Mtoto akiambiwa hivyo hufumbua macho. Na akiambiwa tena kwamba mto wa Pangani nao huitwa Ruvu katika sehemu zake za juu, atauliza kwa nini mito miwili iwe na jina moja, na hapo somo limekwisha kuanza lenyewe.

Mwaka 1888 pwani ikaingia vitani. Abushiri na wenzake waliwapinga Wajerumani, na Bagamoyo ikapigwa na kuchomwa. Watu kwa maelfu walikimbilia katika misioni, wakajenga vibanda chini ya miembe, nayo misioni haikuguswa na upande wowote. Vita vilipokwisha nchi ilikuwa na watawala wapya, na majina mapya yakaanza kuandikwa katika ramani. Twadhani mtu aliyeandika majina ya zamani katika miaka ile alifanya kazi kubwa kuliko alivyojua mwenyewe, maana mengine yalikuwa yameanza kufa mdomoni.

Mwaka 1891 kikatoka kitabu chake cha kwanza kikubwa, kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili. Mwaka 1898 akarudi Ulaya, wala hakurudi tena. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mtu angesema kwamba kazi yake imekwisha. Kumbe ilikuwa haijafika nusu. Mwaka 1909 akatoa sarufi ya lahaja za Kiswahili, ambamo hakuchagua lahaja moja na kuziacha nyingine, bali alizipanga pamoja, kila moja na desturi yake. Kisha akaketi juu ya kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, akaipanga na kuipangua miaka mingi. Vita Kuu ya kwanza ikapita. Nchi yetu ikatoka mikononi mwa Wadachi ikaingia mikononi mwa Waingereza, naye angali na karatasi zake.

Hapa pana jambo ambalo walimu watalipenda. Mwaka 1930 serikali za Kiingereza za Afrika Mashariki ziliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili, nayo ikachukua Kiunguja kuwa msingi wa vitabu vya shule. Mwaka 1939 kamusi ya kamati hiyo ikatoka, kazi iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Na mwaka huo huo, 1939, sehemu ya kwanza ya kamusi ya Sacleux ikatoka Paris. Kamusi mbili mwaka mmoja, na nia mbili. Ile ya Waingereza ilitaka kuwapa watoto wa nchi zote lugha moja ya kusomea, nayo ilifanikiwa. Sisi wenyewe tunaandika haya kwa lugha hiyo. Ile ya Sacleux ilitaka neno lolote lisipotee. Hatuoni sababu ya kuidharau moja kwa ajili ya nyingine. Lakini ni kweli kwamba shule zikaishika moja tu, na mtoto aliyekuja na neno la nyumbani kwao akaambiwa si sahihi, na mwishowe akaona haya kulisema.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1941, wakati Paris ilipokuwa imeshikwa na majeshi ya Ujerumani. Kurasa zapita elfu moja. Padre alikuwa mzee wa miaka themanini na mitano, na kati ya siku aliposhuka Unguja na siku ile ilipita miaka sitini na miwili. Alifariki tarehe 16 Mei, 1943, huko Grasse, kusini ya Ufaransa. Hata baada ya kufa kwake kazi haikuisha: maneno ya Ngazija aliyoyakusanya yalipigwa chapa mwaka 1979, yakiwa yametengenezwa na Mohamed Ahmed-Chamanga na Noël Gueunier.

Tukimsifu mtu si lazima tufiche mapungufu. Kitabu chake kikubwa aliandika kwa Kifaransa, lugha ya kwao, nasi katika Tanganyika tulifundishwa Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa Matombo au wa Mgeta hakuweza kukisoma, na maneno yaliyotoka vinywani mwa watu wetu yakafungiwa katika sanduku ambalo ufunguo wake uko ng'ambo. Mimea nayo ilikwenda Paris; siku hizi picha zake zaonekana kwa intaneti, lakini kwa miaka mia moja mtoto wa hapa hakuweza kuiona. Tena juu ya jalada pana jina moja tu. Mvuvi aliyemtajia samaki, na mwanamke aliyemwonyesha mboga ya porini, na kijana aliyembebea karatasi za kukaushia, hao hawakuandikwa juu ya jalada. Twasema haya bila uchungu, maana desturi ya vitabu wakati ule ilikuwa hivyo, lakini mwalimu wa leo akifanya kazi kama hiyo na aandike jina la mzee aliyemfundisha, kama mzee mwenyewe apenda.

Na kazi kama hiyo yaweza kufanywa. Hatuna haja ya merikebu. Chukua majina tu. Uluguru ni nchi ya lugulu, yaani mlima, na Mluguru ni mtu wa mlimani. Watoto wengi wa darasa la tano hawajawahi kuambiwa hivyo. Matombo, ambako misioni ilianza mwaka 1897, iliitwa kwa ajili ya mawe mawili yaliyosimama kama maziwa ya mama, na ukifika pale huhitaji kuelezwa zaidi. Mji wa Morogoro ulikua karibu na boma la Simbamwene, alilolijenga Kisabengo, mtu wa Uzigua, na baada yake akatawala binti yake. Stanley alipita hapo mwaka 1871. Mwanamke mtawala, mji wenye ukuta, njia ya misafara: hayo yote yako mahali ambapo watoto hupita wakienda sokoni.

Kwetu Kinole jina kubwa ni Kingalu. Mgeni hudhani ni mtu mmoja aliyeishi miaka mingi sana, kumbe ni jina la cheo lirithiwalo, kila mwenye cheo hulichukua. Na kwa kuwa sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa mama, cheo hakiendi kwa mtoto wa marehemu, bali hubaki katika ukoo wa mama yake, kama vile mjomba amwachiavyo mpwa. Zamani watu wa mbali walimwendea Kingalu wakati wa ukame. Katika darasa jambo hilo lina manufaa mengi. Mtoto achore mti wa ukoo wake kwa upande wa mama, kisha augeuze aufuate upande wa baba, kama vitabu vifanyavyo, aone mwenyewe jinsi hesabu inavyobadilika na mashamba yanavyobadilika mikono. Tumeona wavulana wakubwa wakinyamaza kimya mbele ya karatasi hiyo, kwa sababu walielewa kwa mara ya kwanza magomvi ya mashamba waliyoyasikia nyumbani.

Siku hizi Historia ya Tanzania na Maadili ni somo kamili katika shule, nalo ni jambo jema. Lakini somo likifundishwa Kinole kwa kitabu peke yake, litakuwa kama ile miti yetu mitano. Wakati nao ni mfupi. Msitu wa juu ulifanywa hifadhi ya mazingira ya asili mwaka 2008, na ndani yake mna ndege asiyepatikana popote duniani ila Uluguru, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Lakini chini ya mpaka wa hifadhi miti ya zamani imepungua sana, mahali pake pana mananasi na migomba. Hatuwalaumu wakulima, maana watu lazima wale. Ila mti ukiondoka jina lake hubaki kwa mzee, na mzee akiondoka hatuna tena wa kumwuliza.

Mwaka jana tuliwachukua wanafunzi tukashuka nao mpaka kijitoni, pamoja na bibi mmoja wa kijiji na mzee mmoja jirani yake. Tuliwaagiza waandike kila mti utakaotajwa, na matumizi yake, na mahali ulipo. Saa ya kwanza walicheka. Saa ya pili waliacha kucheka, kwa maana bibi alikuwa amekwisha kutaja miti mingi kuliko kurasa za daftari zao, na kila mmoja una kazi: huu wa mpini wa jembe, huu wa tumbo la mtoto, huu usichomwe ndani ya nyumba. Tulipofika penye mti mmoja mrefu wenye gome jeupe, bibi akautaja jina. Mzee akakataa, akasema jina lake si hilo. Wakabishana kwa adabu lakini kwa nguvu, maana bibi aliolewa kutoka upande wa pili wa mlima. Mtoto mmoja akainua daftari, akatuuliza aandike lipi lililo sahihi, ili asikosee katika mtihani. Tukamkumbuka Padre Sacleux na alama zake za pembeni. Tukamwambia aandike yote mawili, na mbele ya kila jina aandike ni la upande gani.